Jina la Baba Mkwe

Lile swali nililiweka mimi, tena kwa kiburi. Miaka ile ya vita ofisi yetu ya Rumonge ilikuwa na kompyuta moja na tovuti changa ya watu waliopoteana, ili waliokimbilia kambi za ng'ambo ya ziwa, Tanzania, waandikiane na waliobaki. Neno la siri peke yake halikunitosha. Mke akitaka kuingia, kwanza ajibu: baba mkwe wako anaitwa nani? Jibu lilingane na alilotupa mume. Wanawake wengi walikwama hapohapo, nami nikasema, basi, hawajui kuandika.

Jirani yangu, mkamua mawese wa Kizuka, alikuwa akimtafuta mkewe tangu kijiji chao kishambuliwe na kila mtu akimbie njia yake. Alikuja kila asubuhi, tukasalimiana amahoro, amahoro, yaani amani, kisha akaketi kukitazama kioo cha kompyuta. Siku moja jina la mkewe likatokea kwenye kioo. Ameingia! Mungu wangu, tulikumbatiana mbele ya wateja.

Ujumbe wake ulikuwa mtamu. Alilijua kovu la mumewe la gotini. Alimjua mtoto waliyemzika, na mahali walipomzika. Akasema anavuka ziwa na wavuvi. Mume amngoje Kigwena, pale msitu unapoanza, aje peke yake, asimwambie mtu. Siku hizo watu walikuwa wanaitwa hivyohivyo, na hawarudi. Nilimsihi asiende. Akanicheka: si wewe uliyesema mashine yako haidanganyiki? Kweli nilisema, kwa mdomo wangu huu.

Alipokuwa anaaga, akaomba aone mkewe alivyolijibu lile swali, maana alitamani tu kuona alichoandika. Nikamfungulia. Jina la baba yake lilikuwa pale, kamili, bila kosa. Akalisoma, akarudia, akaketi. Ndipo na mimi nikakumbuka. Mama yangu mzazi hajawahi kutamka wala kuandika jina la babu, baba mkwe wake. Hata neno linalokaribiana nalo hulikwepa, akatafuta jingine. Ndiyo heshima ya wake wa kwetu, na mimi niliisahau kabisa mbele ya kile kioo.

"Bibi yangu hawezi kutaja lile jina," alisema juu ya mkewe. "Hata umuchinje."

Neno hilo lilipomtoka akaangalia mikono yake. Kovu na kaburi la mtoto, hayo yule aliyeandika aliyapata kwa mke wa jirani yangu mwenyewe. Jina alilitafuta kwingine.

Hakwenda Kigwena. Siku ya pili yake ujumbe ukaingia kutoka akaunti ileile: mbona hukuja, mume wangu? Niliogopa, na hasira zikanipanda, nikataka kuifunga palepale. Jirani akanishika mkono.

"Acha, mudogo wangu. Huyo anayeandika alimuona bibi yangu."