Kikapu cha Ghorofa ya Tatu

Kwa anayekaa ghorofa ya tatu, binadamu ni utosi na mabega. Mama Kikapu aliwajua wateja wake hivyo: karani wa posta mwenye upara unaong'aa kama sahani iliyooshwa, mwalimu mwenye nywele zilizochanwa kwa mstari ulionyooka, muuza magazeti aliyeanza kuota mvi kisogoni, kana kwamba uzee ulimvizia kwa nyuma. Sura zao alizijua chache. Goti lake la kushoto lilikuwa limegoma kupanda ngazi miaka miwili sasa, na lifti ya jengo ilikuwa imegoma kabla ya goti.

Basi kazi ilimfuata kwa kamba. Mtu akipasukiwa na suruali katikati ya mji, alikimbilia kibanda cha fundi viatu kilichokuwa chini ya dirisha lile. Fundi viatu alipiga mluzi, kikapu kikashuka na shuka ya maua ndani yake. Mteja alijifunga shuka, akaitia suruali kikapuni, akakaa kwenye benchi na heshima iliyombakia. Baada ya robo saa suruali ilirudi imeshonwa, ingali na joto la pasi.

Sharti lilikuwa moja: nguo moja juu, nguo moja chini. Ya pili haipandi mpaka ya kwanza ishuke. "Nguo hazina mdomo," alizoea kusema. "Zikikutana mezani, hakuna itakayojitambulisha."

Chumba chake kilienea kitanda, kabati, jiko la gesi la kichwa kimoja na cherehani mbele ya dirisha. Aliingia humo bibi harusi, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Marehemu mumewe, aliyekuwa mpiga chapa, alimwambia, "Tukae mwaka mmoja tu, kelele hizi zitatushinda." Mwaka ukazaa mwaka, wakapata mtoto, na mwishowe kelele ndizo zilizowazoea. Saa hakuwa na haja nayo. Mlango wa chuma wa benki ukinguruma, ni saa mbili na nusu. Kengele ya shule ikilia, ni wakati wa chai. Na pindo la suruali, ukitaka kujua, ni taa nyekundu nne za pale njia panda.

Kisha jengo likapata msimamizi mpya, kijana nadhifu, viatu vyake unaweza kujitazamia. Wiki yake ya kwanza, kikapu kilimwangukia utosini mbele ya wapangaji wawili, nao hawakuwa na adabu ya kungoja apite ndipo wacheke. Wiki ya pili tangazo likabandikwa ngazini: kuanzia Jumatatu, ni marufuku kuning'iniza kitu chochote dirishani.

Bila kikapu hakuna kazi, na bila kazi hakuna chumba. Mwanawe akapiga simu.

"Mama, imekuwa heri. Njoo kwetu. Kuna bustani, kuna hewa."

"Hata huku hewa ipo, mwanangu. Tena ya huku imechangamka."

"Utapumzika."

"Nilikaa kwenu wiki nzima. Kimya mpaka nasikia kope zangu zikigongana."

"Mama! Hilo goti halikuruhusu vingine. Jumatatu nakuja na gari la mizigo."

Mama Kikapu akatazama njia panda. Taa ikawa nyekundu, ikawa kijani. "Haya," alisema.

Ijumaa, siku yake ya mwisho ya kazi, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Barabara nzima ilikuwa miavuli, utosi hauonekani hata mmoja. Mluzi ukapigwa. Kikapu kikapanda na suruali nyeusi iliyopasuka nyuma kwa urefu wa shibiri.

"Ya nani?" aliuliza dirishani. Fundi viatu kila siku alitaja mwenye nguo.

"Ya mteja!"

"Mteja gani?"

"Mteja tu, dada! Shona!"

Kumbe kibandani alikaa msimamizi wa jengo, amejifunga shuka ya maua, kidole mdomoni. Suruali ilimsaliti akishuka kwenye gari, na dakika ishirini baadaye alitakiwa ghorofa ya tano mbele ya bibi mwenye jengo.

"Ukimwambia ni mimi, nahama mji," alimnong'oneza fundi viatu.

Kabla uzi haujakatwa, mluzi wa pili. Mhudumu wa hoteli ya jirani, pindo limeachia, zamu yake inaanza. Shuka ilikuwa moja, naye akajifunga aproni ya ngozi ya fundi viatu. Mama Kikapu alisita. Lakini siku ya mwisho, nani amrudishe mteja? Akapandisha.

Suruali mbili nyeusi zikakutana mezani, zikapigwa pasi pamoja, na kweli hazikujitambulisha.

"Ya yule mteja hiyo!" alisema akishusha ya kwanza. Msimamizi aliivaa mbiombio nyuma ya pazia, akapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya nne alihisi ubaridi miguuni. Akajitazama: suruali imekoma karibu zaidi na magoti kuliko viatu.

Saa moja baadaye mlango wa Mama Kikapu ukagongwa. Hakumtambua msimamizi, mpaka alipoinama kufuta viatu na kuonyesha utosi.

"Ala! Ni wewe, mwanangu?" Akatazama vifundo vya miguu vilivyokuwa vikipunga upepo, akajiziba mdomo.

"Cheka tu, mama. Wenzako wameshacheka."

Kabla hajajibu, mhudumu wa hoteli akaingia akihema, suruali ndefu ameishika kiunoni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndoo. "Mama, nimefagia hoteli nzima kwa hii!"

"Nisameheni, wanangu. Nimevunja sharti langu mwenyewe. Geukieni ukuta mbadilishane, nami nitatazama dirishani."

Mhudumu alibadilisha, akashukuru, akatimka. Msimamizi alibaki, sasa mwenye miguu kamili.

"Bibi aliniuliza kama suruali imenikimbia," alisema. "Ikabidi nimweleze yote, hadi shuka ya maua. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, 'Na hicho kikapu ndicho ulichokipiga marufuku?'"

"Ukajibuje?"

"Ningejibu nini? Akaniambia niamue mwenyewe, ila niamue kabla sijaivua suruali ile."

Mama Kikapu aligeukia dirisha. Nje taa ilibadilika mara moja, mara mbili.

"Nawe uliamua?"

Badala ya kujibu, kijana alifuata kamba kwa macho kutoka dirishani, akapiga magoti, akachungulia. "Mama, hii umeifunga kwenye mguu wa kitanda?"

"Kitanda hakijawahi kulalamika."

"Ndiyo maana kikapu kinayumba na kuwaangukia watu vichwani! Nitaleta fundi afunge mkono wa chuma ukutani, na roda ya kupitishia kamba. Na kengele, ilie kikishuka." Akasimama, akajikung'uta. "Tangazo nitaliongezea mstari: isipokuwa kikapu. Niliamua nikiwa bado ghorofa ya tano."

Jioni hiyo Mama Kikapu akapiga simu. "Jumatatu njoo, mwanangu, lakini gari la mizigo liache. Vaa ile suruali yako ya kijivu. Pindo la kulia limeachia, na mkeo haoni."

"Mama, unakataa kuja?"

"Nakukaribisha wewe."

Jumatatu mluzi ulipigwa. Alichungulia chini. Mara ngapi alikuwa amemwona mwanawe sura kwa sura, na hakuwahi kuona hili: upara mdogo, wa mviringo, umeanzia pale pale ulipoanzia wa baba yake. Akautazama muda wa taa nyekundu nzima.

"Mama! Nashika nini?"

"Shika shuka," alisema, na kengele ikalia huku kikapu kikishuka wima, bila kuyumba.