Ufuo wa Mji Usio na Bahari

Kitale hakuna bahari. Hata ziwa hakuna. Kuna kijito nyuma ya mji ambacho mbuzi hukiruka bila kukimbia. Lakini wakubwa wa kamati ya kurembesha mji walikwenda ziara mahali fulani, wakarudi na picha walizopigwa kando ya maji, na tangu siku hiyo ikawa lazima nasi tuwe na ufuo. Tukajengewa kando ya kijito ukuta wa mawe, viti vya saruji na mitende mitatu iliyokauka kabla ya ufunguzi. Ukikaa pale unapunga upepo huku ukitazama gereji ya matrekta.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo, na bango la historia niliandika mimi.

"Weka historia kidogo, wageni wanapenda," mwenyekiti aliniambia. "Lakini si mingi bana, rangi ni ghali."

Nikaandika: "Hapo awali, mahali hapa palikuwa kichaka." Nilijipongeza hata kwa ile koma.

Kichaka hicho ndicho nilichokulia. Palikuwa na mtaa mzima wa mabati na udongo, na kazi ya mtaa ilikuwa kuosha magunia. Wafanyabiashara wa mahindi wa Kachibora na Ndalu walileta magunia yenye ukungu, mama zetu wakayapiga juu ya mawe hadi yakawa kama mapya. Kila mwanamke alikuwa na jiwe lake, na mawe yalipangwa kwa cheo kuliko hata wazee wa kanisa. Mgeni alianza chini kabisa, ambako maji yalimfikia yakiwa yamebeba uchafu wa magunia ya wote. Aliye juu akihama au akifa, kila mmoja alipanda jiwe moja. Kuruka foleni kulikuwa kosa la kususiwa hata salamu.

Mama yangu aliolewa kutoka Bumula akaanzia mwisho. Alipopata jiwe la kwanza, lenye maji safi, mimi nilikuwa nimeanza kuota ndevu. Jioni ile alipika kuku. Alilitumia msimu mmoja tu, kisha tukaambiwa tuhame, mtaa ukasukumwa na tingatinga.

Kwa nini basi niliandika kichaka? Niliona haya. Katibu mwenye tai hataki mwenyekiti ajue mama yake alishinda miguu majini akipiga magunia ya wenyewe. Usomi niliupata, lakini akili ilikawia njiani.

Siku ya ufunguzi mama alikuja bila mwaliko, amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa. Hotuba zilipoanza yeye alitembea kando ya maji akitafuta jiwe lake. Hakulipata, fundi alikuwa ameyavunja mawe yote akayajengea ukuta. Alipapasa ukuta ule kidogo, kisha akaja kwenye bango. Husoma polepole, kidole chini ya kila neno, na kwa sauti.

"Pa-li-ku-wa ki-cha-ka." Akanigeukia. "Ati kichaka? Sasa mimi nilikuwa nani hapa, nyani?"

Watu waliosimama karibu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akadhani ni mzaha wa mwanakijiji mmoja.

"Nani ameandika hii kitu?" mama akauliza.

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

"Ni watu wa ofisi, mama."

Akanirekebishia tai, maana ilikuwa imepinda.

"Basi ukienda ofisi uwaambie vizuri, usigombane nao. Uwaambie kulikuwa na wamama hapa, na wa kwanza kule juu alikuwa mama yako."

Nikamwambia nitawaambia. Kisha mwenyekiti akaniita nikashike utepe.