Mpiga Kinanda Anunua Mita

Ayaan alipomwona mpiga kinanda wa kanisa akivuka barabara kuja dukani kwake Kakuma, alijua asubuhi imeharibika. Mtu huyo huunda spika nyumbani kwa mapenzi tu, na tangu Krismasi anatafuta mita ya kupimia umeme, ya bei nafuu lakini isiyomuua. Leo tena alizipanga mita zote za dukani juu ya kaunta. Alizigonga mgongo kwa vidole vyake virefu, akanusa nyaya zake, akafungua kila kifuniko kutafuta fyuzi. Hii haina. Ile waya wake mwembamba kama uzi wa shanga. Hii imeandikwa volti mia sita, lakini nani aliyeipima? Kila aliporudisha moja alisema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Usalama kwanza, mama," hadi Ayaan akatamani kumvika boksi kichwani.

Hatimaye alichagua ya manjano. "Ngoja niijaribu." Soketi ya pekee ilikuwa imeshikwa na feni, nayo feni ilikuwa inazunguka. Kabla Ayaan hajafungua mdomo, jamaa alikwisha kuuvuta kwake waya wa feni, ukiwa bado kwenye soketi, akautia mdomoni na kuanza kuuchuna kwa meno apate pa kupimia. Ayaan alirukia swichi akaizima. "Wallahi, unataka kufia kwangu?"

Mpiga kinanda alitema kipande cha plastiki kiganjani, akakitazama kwa masikitiko. "Mama," akasema, "hii waya yako ni laini sana. Itakuja kuua mtu."