Mlango wa Nyuma kwa Sifuri

Mkasa huu wote ulinigharimu yuan sifuri. Nimehesabu mara mbili. Lori na kontena ni hesabu nyingine, usinichanganyie. Na ni kweli tupu: mlango wenyewe uko Mombasa, nenda ukaugonge.

Mjomba wangu ana steshen wagon ya Kimarekani, ndefu kama jeneza la tembo, yenye mbao ubavuni na kiti cha mwisho kinachotazama nyuma. Ndiyo iliyobeba kila bibi harusi wa ukoo wetu. Trela likaugonga mlango wake wa nyuma ukakunjamana, na dada yangu akaapa kwamba bila gari lile haolewi. Mjomba akanipigia simu Guangzhou. "Wewe si hujigamba Uchina hakukosekani kitu? Haya, tuone."

Zilikuwa enzi za simu za kukunja. Nilitafuta wiki mbili. Kontena langu lilikuwa linafungwa bandarini Nansha saa kumi jioni, na saa sita mchana ndipo nikaona pacha wa gari la mjomba, katika yadi ya vyuma chakavu karibu na Huangpu.

Kwenye kiti cha kutazama nyuma alikaa mzee wa Kichina mwenye glavu nyeupe za udereva. Nilimwangalia miguu kwanza, kama tulivyolelewa pwani. Si kwato, ni kandambili. Basi, huyu ni wa biashara.

Kule mnapokezana kalkuleta. Akaandika elfu nane. Nikaandika mia tatu. Nikaondoka, maana Guangzhou bei halisi huitwa mgongoni mwako. Akaniita: elfu mbili. Nikaondoka tena. Mara ya tatu akaandika sifuri.

Niamini, ndugu yangu. Nani amewahi kupewa sifuri Guangzhou?

"Ila mlango ukienda, nami naenda," akasema.

Wauzaji huomba lifti kila siku. "Panda tu, laoban," nikamjibu, kama tunavyowaita mabosi wote kule. Bei niliikagua. Mwisho wa safari sikuuliza.

Nati zilitoka kwa vidole. Nilipogeuka nimsaidie mzee kushuka, kiti kilikuwa kitupu. Mlinzi akaja na bakuli la tambi, akaniona na mlango mikononi, tambi zikamwagika. Nati zile ziliwashinda mafundi watano, alisema. Tangu dereva wa gari lile afe humo, haijatoka hata taa. "Chukua, nenda nao." Kalkuleta ilikuwa bado mkononi mwangu, imeandika sifuri. Niliigeuza. Haina betri.

Saa tisa na nusu mlango ulikuwa kontenani. Dada akaolewa. Gari lilizunguka mji mzima likipiga honi, na mjomba akinitaja jina kwa kila aliyeuliza. Sijawahi kushinda vile, wala sitarajii tena.

Ila watoto hawakai tena kiti cha nyuma. Wanasema babu wa glavu amekaa katikati na hasogei. Mjomba hana neno naye. Anasema mzee huyo anawapungia watu vizuri.

Basi nakuonya: ukipewa sifuri, uliza nani anapanda. Nami nisaidie kwa hili. Amepanda bure harusi thelathini na moja, nimezihesabu mara mbili. Abiria wa namna hii hutozwaje nauli?