Siku Tisa za Kumficha Kishaufu

Madaktari wa kituo kile cha utafiti walikuwa na mashine za kila aina, lakini jicho walilolitegemea lilikuwa la mama mmoja mfagiaji. Miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha vibanda vya tumbili. Wenzake walimwita Mama Tumbili, naye hakununa. Alisema afadhali tumbili, hawana umbea.

Kazi yake nyingine ilikuwa daftari. Kila asubuhi aliwakagua majike wadogo usoni. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, basi ubongo umekwisha kuamka: sehemu ndogo chini kabisa ya ubongo, isiyozidi punje ya kunde, imeanza kutoa homoni kwa vipindi, homoni inaamsha tezi, tezi inaamsha ovari, mpaka mtoto anavunja ungo. Ndivyo alivyoelezwa na daktari mkuu, mtu mpole asiyejua kulieleza jambo hadi mwisho. Mama Tumbili aliandika "bado" au "ameanza". Hayo tu.

Mwaka ule aliandika "ameanza" mara mbili. Mara zote mbili jike aliyeandikwa hivyo alipelekwa chumba cha mwisho wa korido, ubongo wake ukachunguzwe mezani, na hakurudi. Mama hakuuliza kitu. Mfagiaji aulize nini? Alifagia kibanda kitupu, roho ikimuuma.

Akabaki Kishaufu. Huyu alifiwa na mama yake akiwa na siku mbili, na Mama Tumbili ndiye aliyemlea kwa chupa, akimfunga kifuani kwa kitambaa huku akipiga deki. Alimpa jina hilo kwa sababu hakupita mbele ya sinia la chuma bila kujitazama.

Jumatatu moja Mama Tumbili akaona wekundu chini ya macho ya Kishaufu. Akashika kalamu, akaandika "bado".

"Mwanangu, kaa na utoto wako kidogo," alimnong'oneza. "Una haraka gani?"

Siku ya tatu alikuja na poda ya watoto mfukoni, akampaka usoni kabla daktari hajapita. Kishaufu akapiga chafya, akajitazama kwenye sinia, akaonekana kuridhika kabisa. Mama alicheka huku machozi yakimtoka, maana alijua anajidanganya. Alimpunguzia hata chakula, kwa kuwa alisikia mwenye njaa huchelewa kukua. Kisha akashindwa kuvumilia ule mkono ulionyooshwa, akamrudishia chote na ndizi juu. Alimwomba Mungu kwa ajili ya tumbili, na hilo hakumwambia mtu.

Siku ya tisa majibu ya kipimo cha damu kinachofanywa kila mwezi yalitoka. Daktari akamwita ofisini.

"Mama, homoni zimepanda. Wewe huwa hukosei. Hukuona?"

"Niliona, daktari. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikaficha, maana mngemchukua kama wale wawili. Mimi nifukuze kazi, lakini yule niachie, nakuomba sana."

Daktari akavua miwani. "Wale wawili ndio waliokuwa wa ubongo. Kishaufu alikuwa wa damu tu. Tungemtoa damu siku saba za kwanza, halafu tungemwachia uwanjani akae na wenzake."

"Basi mtoeni leo! Mtoeni sasa hivi!"

"Siku saba zimeshapita, mama. Damu yake haitusaidii tena. Aliyepitwa na siku zile anahamishiwa kundi la ubongo. Ndivyo ilivyoandikwa tangu mwanzo, na karatasi imeshasainiwa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza," alisema daktari, kisha akaona aibu, akatazama chini.

Kishaufu hakukubali kubebwa na mtu mwingine, kwa hiyo ilibidi Mama Tumbili mwenyewe ampeleke chumba kile cha mwisho. Alimfuta ile poda taratibu kwa ncha ya kitambaa, mpaka uso ukabaki mwekundu kama ulivyokuwa. Kishaufu akamkumbatia shingoni, akajiweka sawa kifuani kama zamani. Mama Tumbili akaanza kutembea kwenye korido aliyoipiga deki asubuhi ile.