Pedi za Breki Ndani ya Pipa la Grisi

Mama Stoo hakuwa mwizi. Tuliweke hilo wazi mapema, maana asubuhi ile hata yeye mwenyewe alisimama kama mwizi, kijasho chembamba kikimtoka, macho yakimkimbilia kila mara kwenye pipa tupu la grisi kule pembeni.

Stoo ya vipuri ya kampuni ya mabasi alikuwa ameitunza tangu mwanawe wa mwisho yuko mgongoni. Sasa huyo kitinda mimba ni dereva wa kampuni hiyo hiyo, ana ndevu na maringo yake, na mama bado ni Mama Stoo. Jina lake halisi walilijua watu wa mishahara tu.

Mle stooni kulikuwa na desturi waliyoiita kuweka pembeni. Vipuri vilikuwa vya shida: meli zinachelewa, muuzaji anaahidi kesho analeta mwezi ujao. Kwa hiyo kitu adimu kikiingia, Mama Stoo hukificha kidogo, na fundi akilia sana, kinatokea. Hakupata hata senti kwa kazi hiyo, na karibu kila mtu wa gereji alishawahi kuokolewa na maficho yake. Tena tuseme ukweli, basi la mwanawe liliokolewa kuliko mengine yote.

Ndipo makao makuu yakaleta mfumo mpya. Kila kipuri kibandikwe kibandiko na kusomwa na kimashine ambacho wafanyakazi walikiita bunduki, ili kompyuta ijue kilichopo na kuagiza mapema kabla hakijaisha. Wazo zuri, nani angelikataa? Ila meneja alipolitangaza aliongeza neno moja lililomnyima Mama Stoo usingizi: kitakachokutwa bila kibandiko baada ya uhakiki kitahesabiwa kimeibwa.

Angeweza kusema pale pale. Meneja alikuwa kijana mwenye heshima zake, angemwelewa. Lakini hofu haina akili. Alijiona akitolewa getini mbele ya mwanawe, uzee huu, anaitwa mwizi. Badala ya kuzitoa pedi za breki alizokuwa amezificha nyuma ya rafu, akazihamishia ndani ya pipa na kuzifunika kwa gunia.

Asubuhi ya uhakiki akaja mkaguzi, mwanamke mkavu asiyejua mzaha, bunduki mkononi, akapita rafu hadi rafu. Kila bunduki ilipolia, moyo wa Mama Stoo uliruka. Mara fundi mkuu akachomoza kichwa dirishani.

"Mama, nipatie pedi za mbele. Kuna basi nalitoa sasa hivi."

Mkaguzi akatazama kioo cha bunduki yake. "Hazipo."

Fundi hakuhangaika naye. Alimtazama Mama Stoo kwa lile jicho lao wawili. "Hata pembeni, mama yangu?"

Mama Stoo akatupia jicho kule kwenye pipa. Mkaguzi alikuwa amegeuka, anamsikiliza.

"Si umeshaambiwa hazipo?" Mama Stoo akajibu.

"Basi. Zilizomo zimelika, lakini naona zitavumilia safari hii." Fundi akaondoka anasonya.

Mama Stoo akajipa moyo. Fundi anajua kazi yake, lingekuwa la hatari asingeliruhusu. Na basi lenyewe si la mwanawe, la mwanawe halikuwa gereji. Wazo hilo la pili ndilo lililomtuliza zaidi, wala hakujiuliza kwa nini.

Muda si mrefu mlinzi wa geti akapita kuomba chai. "Kijana wako kakuaga, mama? Nimetoka kumfungulia. Basi lake limegoma gia, wamempa lile lililokuwa kwa fundi."

Mama Stoo akamwacha mlinzi na chai yake. Safari ile ilikuwa na mteremko mrefu wa kona, madereva wenyewe wakiushuka huacha kuzungumza. Alimpigia simu mwanawe, haipatikani. Huyo mtoto huzima simu akishika usukani, na mama ndiye aliyemfundisha. Akapiga tena. Akapiga tena huku ameshaanza kukimbia, kanga ikimdondoka njiani asiiokote.

Aliingia kwa meneja bila kubisha. "Meneja, simamisha basi alilotoka nalo mwanangu, breki zake zimelika! Pedi zipo. Nimezificha mimi, ziko kwenye pipa. Niite mwizi, nifukuze, lakini lisimamishe!"

Meneja hakuuliza kitu. Alimpigia wakala wa kituo cha mwisho kabla ya mteremko, akamwambia mama wa dereva anaomba basi lizuiwe, breki zimelika. Wakala akasema bado halijafika, au labda lilipita alipokuwa ndani, hana hakika. Mama Stoo akashika ukingo wa meza. Aliogopa hata kuomba dua, asije akaliomba jambo ambalo tayari limeshakataliwa. Mkaguzi akaingia na zile pedi alizozifukua pipani, akaziweka mezani, akamnong'oneza meneja jinsi fundi alivyozikosa dirishani, na hakuna aliyezitazama.

Kisha sauti ya wakala: "Hili hapa linaingia. Nimelizuia."

Mama Stoo akakaa chini sakafuni, akalia. Meneja akachuchumaa karibu yake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mama, fundi alipokuja dirishani, ulidhani ni basi la nani?"

Akalikumbuka lile wazo lililomtuliza pale stooni. Baridi ikamwingia mwilini, na safari hii si kwa ajili ya barabara. Simu ikalia. Ni mwanawe.

"Mama! Wakala kawaambia abiria ni wewe umetuokoa. Wanataka kukushukuru, nawawekea spika!"

Sauti zikamjia kwa pamoja, za wazee, za akina mama, kitoto kikipiga kelele katikati. Mungu akuzidishie, mama! Mungu akulinde!

"Waambie wasinishukuru," alisema. "Mwanangu, nakuomba. Waambie wasinishukuru."

Akamsikia mwanawe akicheka, akiwageukia watu wake.

"Mama yangu ndivyo alivyo, hapendi sifa," akawaambia, na basi zima likampigia makofi.