Kompyuta Aliyoichagua Jerusha kwa Masikio

Surua ilimpofusha Jerusha Akoth akiwa darasa la tatu, na tangu hapo masikio yake hayakupitwa na kitu. Alizaliwa Sindo, kando ya ziwa, lakini kazi ilimhamishia Migori mjini, ambako anapiga kinanda kanisani na kufundisha watoto wa watu muziki. Alikuwa ametunga nyimbo kumi na moja. Moja tu ndiyo iliyowahi kurekodiwa, na hiyo moja ilimkera kila alipoisikia.

Aliirekodi katika studio fulani ya mjini. Fundi aliizika sauti yake chini ya ngoma na tarumbeta ambazo hakuziomba, na alipomsihi apunguze, fundi akacheka. "Madam, hii kazi inataka macho. Wewe imba tu, hayo mengine utuachie."

Jerusha hakubishana. Alifika nyumbani, akavua viatu, akampigia simu Mokua, mwalimu wa muziki wa huko Kisii. Mokua naye haoni, na walifahamiana kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanamuziki wasioona.

"Mwalimu, ukirekodi, nani anakubonyezea kompyuta?"

"Nibonyezewe na nani? Nabonyeza mwenyewe."

Jerusha aliyekuwa amekaa akajikuta amesimama. "Mwenyewe kabisa?"

"Kabisa. Sasa nisikilize. Watu hununua kompyuta kwanza, programu wanatafuta baadaye. Sisi tunaanzia nyuma. Tafuta programu inayokubali kuongea na wewe, ndiyo utafute kompyuta ya kuibeba. Kuna za bei kali ambazo ni bubu. Kuna za bure, nazo bubu vilevile. Usinunue chochote kabla hujakisikia kikiongea."

Siku mbili baadaye Mokua alimtumia flashi kwa basi. Ndani yake mlikuwa na programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye skrini, pamoja na programu tatu za kurekodi za kujaribu. Kuhusu kompyuta, Mokua alimpa masharti matatu tu: memori isipungue gigabaiti nane, diski iwe zile mpya zisizozunguka, na feni iwe ya upole, maana maikrofoni haichagui cha kusikia.

Jumamosi asubuhi Jerusha aliingia katika duka la Issack, karibu na stendi, panapouzwa kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Issack alikuja huko akitokea Garissa, na mkewe Kultum huuza vitambaa upande wa pili wa duka hilohilo.

"Karibu, madam. Hii hapa skrini yake ni safi kama televisheni."

"Skrini safi nitaifanyia nini, Bwana Issack?"

Wote wawili wakaangua kicheko. Jerusha akaomba awashiwe kompyuta zote zenye memori ya nane, moja baada ya nyingine. Kila moja aliinamia, akaitegea sikio kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto. Ya kwanza ilivuma kama posho mill inayosaga mahindi. Ya pili ilikuwa na mlio mwembamba, tii, ambao Issack aliapa haupo mpaka naye alipoinama akausikia. Ya tatu ilikuwa kimya, lakini vibonye vyake vilikuwa vimelegea chini ya vidole.

Kufikia ya saba, Issack alikuwa ameacha kuwahudumia wateja wengine. "Sijawahi kuona mtu ananunua hivi," alisema, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akiinama kusikiliza kabla hajampisha. Lakini hakuna iliyofaulu.

"Hakuna nyingine kabisa?"

"Iko moja, lakini hiyo si ya kuuza. Nimeiweka ya spea. Skrini imepasuka toka kona mpaka kona, huoni kitu."

Issack akasikia alichokisema. Hakungoja jibu; Jerusha alisikia viatu vya mwenye duka vikikimbilia nyuma.

Ilikuwa nzito, ya zamani kidogo, yenye vibonye imara. Issack aliiwasha. Jerusha akategea sikio, akasubiri, akauliza, "Mbona hujaiwasha?"

"Imewaka, madam! Imewaka kitambo!"

Memori yake ilikuwa kumi na sita, diski ni ile mpya. Jerusha akachomeka flashi. Kwa kuwa skrini haikusomeka, Issack aliiunganisha na skrini ya dukani, akaweka programu ya kusoma, na kompyuta ikapata sauti. Kisha wakajaribu zile za kurekodi. Ya kwanza haikutamka neno. Ya pili ilirudia "kitufe, kitufe, kitufe" bila kusema kitufe cha nini. Jerusha akafungua ya tatu.

Ikaongea. Ikataja wimbo mpya, ikataja sauti ya kwanza, ikamwambia maikrofoni iko tayari. Kila alipobonyeza, ilijibu. Ilikuwa ya kujaribu bure kwa miezi miwili, na leseni yake hulipiwa mara moja tu. Ada ya wanafunzi wake wachache ingetosha.

"Kultum, zima redio!" Issack akapaza sauti.

Jerusha akaimba ubeti mmoja kwa Dholuo, lugha ya kwao, akarudi nyuma, akaweka sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, kisha ya tatu. Aliposikilizisha, Jerusha watatu waliimba pamoja katikati ya duka la kompyuta. Kultum alikuwa amekuja na kitambaa mkononi.

"Dada, hao wengine wamekuja saa ngapi?" akauliza, na Jerusha akacheka hadi akashika meza.

Issack alimuuzia kwa bei ya spea, na begi akampa bure.

Wiki iliyofuata alikuwa Sindo, nyumbani kwa rafiki yake wa utotoni, Emmaculate, ambaye huanika omena, dagaa wa ziwani, na kuongoza kwaya ya akina mama. Jerusha aliipanga kwaya sebuleni, mapazia yakashushwa, kuku wakafukuzwa mbali. Walipomaliza, alikata kikohozi kimoja kilichoingia kwenye rekodi, akapandisha sauti nene za wale wa nyuma, akawasikilizisha.

"Nyaminwa," Emmaculate alisema polepole, akimwita dada kwa lugha ya nyumbani, "miaka ishirini naimba, leo ndiyo najua sauti yangu inafananaje."

Halafu mama mmoja wa nyuma akadai kwamba ubeti wa pili alichelewa kuingia, anataka urudiwe.

"Turudie," Jerusha akasema, vidole tayari viko kwenye vibonye. "Tutarudia mpaka uridhike."

Siku hiyo walirekodi nyimbo nne, na kabla giza halijaingia, kwaya moja ya kisiwani Rusinga ilikuwa imesikia habari na kupiga simu kuuliza yule fundi mwanamke wa Migori atapatikana lini.